Punda Waziri na Kona ya Mnadani

Guangzhou, 9 Mei 2009

Mdogo wangu Theophil,

Pokea salamu zangu, uwagawie na wote wa nyumbani: mkeo, watoto, na mama mkwe wako na kifua chake. Mimi namshukuru Mungu, nakula na ninalala. Mvua za huku zimeanza, nguo hazikauki, na soko la Shahe limejaa watu mpaka unasukumwa kwenda usikotaka. Zile fulana zenye namba nilizotuma kwa ajili ya mbio za Pasaka natumaini ziliwaenea. Laobani aliyenishonea, yaani mwenye duka, alicheka sana nilipomweleza kwamba ni za watu wanaoshindanisha mikokoteni ya punda. Salamu zimeishia hapo.

Theophil, umenikatia simu. Mimi, niliyekubeba mgongoni mpaka kanga zikachakaa, umenikatia simu. Nilikuuliza mbio zilikwendaje, ukasema, "Nzuri, ila kulitokea kaajali." Nikauliza kaajali gani, ukasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, nilikusikia hata ukimeza mate. Nilipopandisha sauti ukakata. Basi sipigi tena, na wewe usinipigie. Naandika, kwa sababu barua huwezi kuikata katikati.

Juzi Flavia wa hapo Makutano amefika huku kununua viatu vya biashara, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba mwanangu Calvin amefungiwa mwaka mzima asishindane. Aliyemfungia ni nani? Mwenyekiti wa kamati ya mbio. Mwenyekiti ni nani? Mjomba wake wa kuzaliwa tumbo moja na mama yake! Habari za mwanangu nazipata kwa Flavia, tena sokoni, mbele za watu, nimeshika kiatu cha mguu mmoja mkononi kama mwendawazimu.

Nieleze. Na uandike vizuri, maana hasira zangu unazijua.

Dada yako,
Getrude


Makutano, Singida, 14 Juni 2009

Dada Getrude, shikamoo.

Barua yako imenifikia kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja wa Singida mjini. Mama mkwe bado anakohoa. Mahindi yamekauka yangali mafupi, mvua ilitukimbia tangu Machi. Bomba linatoa maji siku linapojisikia, kwa hiyo mji mzima unakunywa maji ya mikokoteni ya punda. Hilo nimelitanguliza makusudi.

Simu nilikata, kweli. Ulikuwa unanitukana na spika imefunguliwa, mke wangu na wageni wanasikia.

Sasa nisikilize. Kona ya mnadani unaijua, na sheria yake unaijua, ulikuwepo tulipoiweka: aliye nyuma anavuta hatamu, anangoja kona iishe. Calvin alikuwa nyuma ya Japheth na hakuvuta. Aliingiza gurudumu kwa ndani, likanasa kwenye gurudumu la Japheth, mkokoteni wa Japheth ukapinduka. Japheth amevunjika mguu juu ya goti. Punda wake alivunjika wa mbele, tukalazimika kumuua palepale, huku Japheth mwenyewe anaona. Calvin aliendelea mbele na akashika nafasi ya kwanza.

Mimi nilitoa hukumu siku ileile, sikutazama uso wa mtu. Mwaka mmoja bila kushindana, na punda wake afungwe kwenye mkokoteni wa Japheth mpaka Japheth asimame. Hiyo ni desturi yetu, aliyemwangusha mwenzake kwa uzembe anamwachia punda. Sikuitunga kwa ajili ya mwanao.

Unajua alijibu nini? Mwanaume mwenye ndevu, amesimama mbele ya kamati, anasema, "Mjomba, punda siyo wangu. Punda Waziri ni wa mama. Mwulizeni mama, yuko China." Watu wakacheka, na mimi nikaonekana mjinga. Kweli punda ni wako, na kwa desturi hiyohiyo mwenye mali asiposema, hatuwezi kumfungua. Kwa hiyo Waziri anaendelea kuchota maji ya Calvin, na Calvin anauza. Teddy, mke wa Japheth, anabeba ndoo kichwani kuwapelekea wateja wa mumewe, ili wasihame.

Nakuomba neno moja tu, dada. Andika: Waziri aende. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini neno la mbali linaweza kumfungua punda.

Ni mimi mdogo wako,
Theophil


Guangzhou, 2 Agosti 2009

Theophil,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa ajili ya kazi, na kwa ajili ya polisi. Siku hizi wanakagua pasipoti za wageni mitaani na kwenye ngazi za majengo, na watu wengi tumepunguza kutoka. Usianze kuuliza, karatasi zangu zinashughulikiwa. Nina jirani mzuri, Bimkubwa, mama wa Kimombasa anayefanya biashara ya vitambaa, akipika ananikumbuka. Mwandiko ukiona umepinda ni kwa sababu naandikia kitandani. Meza imejaa mizigo.

Neno lako moja hulipati.

Nilizungumza na Calvin kwa simu, yeye hanikatii. Ameniambia, "Mama, kulikuwa na vumbi, sikumwona Japheth. Ningemwona ningevuta." Na mimi namwamini mwanangu. Mtu asiyeona hana uzembe, ana bahati mbaya. Wewe ulikuwa umekaa jukwaani chini ya turubai na soda mkononi, vumbi utalijulia wapi? Na huyo Japheth tangu ujana wake anapenda kona kuliko njia iliyonyooka. Muulizeni na yeye alikuwa anatafuta nini pale katikati.

Tena nikwambie ukweli ulioukimbia. Tangu nimnunue Waziri kwa jasho langu umekuwa ukimtazama kwa jicho la pembeni. Sasa umepata sababu. Umevaa uenyekiti kama koti la harusi na unataka watu waseme, tazameni Theophil, hata mpwa wake hamwonei haya. Sifa zako unazijenga juu ya mgongo wa mwanangu, na mimi niko huku nahangaika na laobani wa Zhanxi ambao ukiuliza bei mara ya pili wanakuambia "meiyou", hakuna, na mzigo unauona umejaa mpaka darini.

Watu waliokwenda Shiling, kule kwenye mji wa ngozi, wameniletea hatamu na mikanda mizuri sana, ina vifungo vya shaba. Nimeitia kwenye kontena. Ni ya Calvin. Siku utakayomfungulia, ndiyo atakayoivaa Waziri. Kama una ushahidi kwamba alimwona Japheth, ulete niuone kwa macho yangu. Kama huna, nyamaza.

Getrude


Makutano, 6 Septemba 2009

Dada, shikamoo.

Wote wazima. Mama mkwe amepata nafuu kidogo.

Sitaandika sana kwa sababu nikiandika sana nitakukosea adabu. Mbio za Saba Saba hazikufanyika. Waendeshaji walikuja wote, wamevaa fulana zako, wakajipanga kwenye mstari. Nilipoinua bendera walishuka, wakafungua punda wao, wakakaa chini kivulini. Mzee mmoja akaniambia, "Mwenyekiti, mbio za familia yenu kimbieni wenyewe." Watu walikuwa wametoka vijiji vya mbali kuja kuangalia, wakaangalia punda wakila majani.

Umesema namtamani Waziri. Mungu akusamehe, mimi leo siwezi.

Umetaka ushahidi. Sammy, yule anayepiga video za harusi, alirekodi Pasaka yote. Nimenunua VCD yake na nimempa Flavia akuletee, atafika huko mwisho wa mwezi. Nimeiangalia mpaka kwenye kona, na hiyo inatosha. Usishangae ukiona maua na mioyo inaelea pembeni, Sammy hajui kutengeneza picha ya aina nyingine.

Ukishaona, niandikie tena kuhusu vumbi.

Theophil


Guangzhou, 11 Oktoba 2009

Theophil,

Kwanza pole kwa Saba Saba. Pili, mwambie Teddy nampa pole, ingawa imechelewa na atakuwa na haki ya kuikataa. Joto la huku limeanza kupungua. Salamu zimetosha.

VCD nimeiangalia. Bimkubwa alileta deki yake chumbani kwangu, na Mutiso, Mkenya wa ghorofa ya chini, akaja na viti. Mwanzoni tulifurahi sana. Mutiso alikuwa akipiga makofi, "Wueh! Huyo punda ako na moto!" Bimkubwa akauliza, "Ndiye mwanao huyo wa mbele mbele? Mashallah, kijana mrefu." Nikawaambia ndiye, na yule punda ni wangu. Nilijisikia kama niko mnadani.

Kisha ikaja kona. Hakuna vumbi, Theophil. Jua limewaka, njia inaonekana mpaka kokoto. Kuna wimbo wa kwaya, kuna mioyo myekundu inaelea, na katikati ya mioyo mwanangu anasimama kwenye mkokoteni, anamtazama Japheth ubavuni, anavuta hatamu upande wa Japheth. Halafu baada ya kishindo anageuka nyuma. Anaona mtu yuko chini, anaona punda anajaribu kusimama. Anacheka na kumchapa Waziri.

Hakuna aliyepiga makofi tena. Bimkubwa akasema taratibu, "Zima, shoga yangu." Nikakataa, nikasema iende mpaka mwisho.

Na mwisho ndiko nilikokukuta wewe.

Uliniandikia kwamba ulitoa hukumu siku ileile bila kutazama uso wa mtu. Nimekuona, mdogo wangu. Umeruka kutoka jukwaani, umepita mbele ya Japheth, Japheth ameinua mkono akidhani unamfuata yeye, na wewe umempita kama gogo la njiani. Ukaenda kumbeba Calvin mabegani. Unaimba! Sammy akawafuata mpaka nyumbani kwako kama anavyofuata maharusi, na yule mbuzi wa zawadi ya mshindi nimemwona akiwa jikoni na akiwa sahanini. Ulikuwa unachokonoa meno. Hukumu yako uliitoa lini? Flavia nimembana, amesema waendeshaji walikuja kukugongea mlango baada ya juma zima. Hiyo ndiyo "siku ileile" yako. Uliangalia picha mpaka kwenye kona ukaizima, kwa sababu kosa la mwenzio ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Methali hii tugawane, wewe nusu na mimi nusu.

Nitakuambia kitu kimoja cha huku. Barabara ya Zhanxi ina watu wa matoroli, wanabeba mizigo mirefu kuliko vichwa vyao na wanakimbia nayo. Mwezi wa sita mmoja alimgonga mwanamke fulani, akamwangusha, toroli likampita kwenye mguu. Yule mtu hakugeuka. Yule mwanamke alimlaani kila siku, alidhani duniani hakuna mtu mbaya kama yeye. Sasa nadhani yule wa toroli ana nafuu. Pengine hakuona. Calvin wangu aligeuka, akaona, akacheka.

Kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho.

Waziri aende. Si mpaka Japheth apone. Aende moja kwa moja, na ile mikanda ya Shiling aende nayo, vifungo vya shaba na vyote. Calvin ampeleke kwa mkono wake, mchana, watu wakiona, na aseme mbele yao kwamba hakukuwa na vumbi. Baada ya hapo achote maji kwa mabega, ajue ndoo ya Teddy ina uzito gani. Akisema punda ni wa mama, mwambieni mama ameshasema.

Na wewe shuka kwenye hicho kiti. Hakuna mwenyekiti anayekula mbuzi wa kosa kisha akanawa mikono, akahukumu.

Barua hii anakuja nayo Flavia. Isome mbele ya kamati. Nikisikia umeisoma nusu, nitajua.

Getrude


Makutano, 15 Novemba 2009

Dada Getrude, shikamoo.

Mama mkwe amefariki wiki iliyopita, tumemzika salama. Watu walikuwa wengi. Maji ya msiba yaliletwa na mkokoteni wa Japheth, Teddy akiwa ameshika hatamu na Waziri akiwa mbele. Kwa hiyo unajua kwamba neno lako limetimizwa.

Barua niliisoma yote, sikuruka hata pale pa kuchokonoa meno. Hakuna aliyecheka, ingekuwa afadhali wangecheka. Kiti nimekiacha. Wameniambia nikae mwaka bila kusogelea bendera, na mbuzi nimerudisha, mkubwa kuliko yule. Nimetimiza, lakini bado nina hasira na wewe, sikufichi. Ungeweza kuniandikia mimi peke yangu.

Calvin alikataa siku mbili. Siku ya tatu alimtoa Waziri, akapita naye katikati ya mnada siku ya mnada wenyewe. Mlangoni kwa Japheth alisema maneno uliyoagiza, kwa sauti ndogo. Japheth amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, akamwambia, "Sijasikia." Calvin akarudia kwa nguvu. Japheth akasema, "Sasa mvue hiyo mikanda ya sherehe, inamkwaruza." Mikanda amemkabidhi Teddy, anafungia mizigo.

Siku hizi Calvin anabeba maji kwa mabega. Hanisalimii.

Sasa zamu yangu, na wewe huwezi kuikata hii barua katikati.

Yule mwanamke fulani wa Zhanxi ni wewe. Flavia alikaa kimya njia nzima, akaja kulia sebuleni kwangu. Tangu Juni hujashuka ngazi. Mguu uliunga wenyewe, umepinda, kwa sababu uliogopa kwenda hospitali wasije wakakuuliza pasipoti, na viza yako imekwisha. Chakula unaletewa na Bimkubwa, na maji anakupandishia Mutiso. Na wewe unaniandikia meza imejaa mizigo! Umenichambua mbele ya kamati nzima kwa sababu nilificha mbuzi. Wewe umeficha mguu! Nani mkubwa wa kuficha kati yetu?

Uliniambia nikusikilize mpaka mwisho. Nisikilize na wewe. Aliyekuangusha hajulikani, hana punda wa kukuachia. Huko hakuna kamati. Rudi nyumbani, dada. Waliokaa bila viza wanajisalimisha na wanarudishwa, Flavia amenieleza. Nakasirika nikikufikiria umelala hapo juu unamngoja mtu na dumu la maji. Nakasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi, shika hapo uone.

Theophil


Guangzhou, 13 Desemba 2009

Mdogo wangu Theophil,

Poleni sana kwa msiba. Kifua chake kimepumzika. Mwambie mkeo nimelia naye.

Nimeshika pale palipotoboka.

Nilificha kwa sababu nilijua mtasema rudi, na mimi sikutaka kurudi nachechemea, mikono mitupu, watu wa Makutano wakihesabu hatua zangu. Ndiyo, mimi ni mkubwa wa kuficha. Umefurahi? Na bado nina hasira na wewe, nitakuja nazo, hazina uzito wa kulipiwa kwenye ndege.

Bimkubwa amenishonea gauni refu la kufunika mguu. Kesho Mutiso na wenzake watanishusha kwa kiti, twende polisi, niseme mwenyewe kwamba viza imekwisha na nataka kwenda kwetu. Wengine wamefungiwa siku kadhaa kwanza. Sijui mimi watanifanya nini. Flavia amerudi huku, yeye atakupigia simu siku nitakapopandishwa ndege. Ipokee, na usiikate.

Nitakuja na basi mpaka stendi ya Makutano. Kutoka pale mpaka nyumbani sitaweza kutembea. Usikodi gari. Mwambie Calvin aende kwa Japheth, amwamkie, amwombe Waziri kwa siku moja, kwa adabu. Japheth akikataa ana haki, basi Calvin anivute mwenyewe. Akikubali, aje anipokee na mkokoteni.

Na kwenye kona ya mnadani avute hatamu, ashuke, amwongoze Waziri kwa mkono. Nitakuwa nimekaa nyuma yake, ninaangalia.

Dada yako,
Getrude